Sistimu Imehesabu: Kanuni ya Kodi Ikae Wapi?

Mpakani Busia na Malaba, ubishi juu ya kodi huishia mara nyingi kwenye jibu moja: sistimu ndiyo iliyohesabu. Mwenye robota za mitumba huambiwa hivyo, dereva wa trela huambiwa hivyo, na wakala wa forodha aliyeingiza tamko la bidhaa hana la kuongeza. Jibu hilo lina ukweli, ila limekatwa katikati. Kompyuta haitungi kodi. Kuna mtu aliyeiandika kanuni ya hesabu na kuchagua pa kuiweka. Uchaguzi huo ndio unaoamua nani anaweza kuibadilisha kanuni, nani anaweza kuikagua, na kosa likitokea litaenea hadi wapi.

Mahali pamoja pa kuiweka ni ndani ya hifadhidata yenyewe, katika kipande cha msimbo kinachoitwa fankshoni iliyohifadhiwa. Wataalamu wamekuwa wakiibishania kwa zaidi ya miaka 30, na mkanganyiko huo umewafikia hata wanaosomea kazi hii. Mwanafunzi wa kompyuta pale Alupe, kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba, atakuta kitabu kimoja kinachotaka kanuni zote ziwekwe humo, na kingine kinachomwonya asithubutu. Pande zote mbili zina sababu zao. Tutazipima kwa hesabu ya kodi ya mpakani, kwa kuwa hesabu hiyo hubadilika mara kwa mara na kila mabadiliko humfikia mtu mfukoni.

## Fankshoni yenyewe ni kitu gani

Hifadhidata ni mkusanyiko wa majedwali: la bidhaa, la viwango vya ushuru, la matamko, la malipo. Kwa kawaida programu hukaa nje yake. Huomba data, ikaipokea, ikakokotoa huko iliko. Fankshoni iliyohifadhiwa huupindua mpango huo, kwani msimbo ndio unaoifuata data. Ina jina, ina vigezo inavyovipokea, ina mwili wenye hatua za kazi, na inarudisha jibu la aina iliyotangazwa mapema: namba, tarehe, maandishi, au hata jedwali zima.

Tuchukue mfano wa kufundishia, fankshoni tutakayoiita jumla_ya_kodi. Inapokea thamani ya bidhaa, namba yake katika orodha ya ushuru, nchi ya asili na tarehe ya tamko. Inaingia kwenye jedwali la viwango, inakuta bidhaa hiyo inatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Kwa mzigo wa shilingi 100,000, ushuru ni 25,000. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ambayo nchini Kenya ni asilimia 16, nayo haitozwi juu ya ile laki moja bali juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 125,000. Hiyo ni 20,000. Jumla ni 45,000, ada nyingine zikiwekwa kando. Mwandishi wa fankshoni akikosea msingi wa VAT tu, akaihesabu juu ya laki moja, atapata 16,000, na hazina itapoteza 4,000 kwa kila tamko la namna hiyo bila taa nyekundu kuwaka popote.

Fankshoni ikiundwa, hifadhidata huikagua sarufi yake na kuiandika katika katalogi yake ya ndani. Baada ya hapo mienendo ya bidhaa za hifadhidata hutofautiana. Oracle huitafsiri kuwa msimbo wa kati na kuuhifadhi. PostgreSQL, kwa fankshoni zilizoandikwa kwa lugha ya PL/pgSQL, huhifadhi matini yenyewe na kuyachanganua fankshoni inapoitwa kwa mara ya kwanza katika kila muunganisho. Matokeo yake ni haya: jina la jedwali likikosewa ndani ya fankshoni ya PL/pgSQL, kosa linaweza kulala kimya hadi mteja wa kwanza afike dirishani.

Inapoitwa, fankshoni hufanya kazi ndani ya muamala wa aliyeiita. Katika PostgreSQL, ikikwama katikati na kosa lisishughulikiwe, muamala mzima hurudishwa ulikoanzia, hivyo hakuna tamko litakaloandikwa nusu. Sifa hii ina uzito mkubwa panapohusika fedha za umma.

Vitu viwili huchanganywa na fankshoni. Prosija huitwa kwa amri yake yenyewe, haiingii ndani ya ombi la data kama fankshoni. PostgreSQL haikuwa nayo hadi toleo la 11 la mwaka 2018. Triga haiitwi na mtu kabisa: huamshwa na tukio, kama vile mstari mpya kuingizwa katika jedwali. Lawama nyingi zinazotupiwa fankshoni, kwamba mambo hutokea bila mtu kujua yameanzia wapi, kwa haki ni lawama za triga.

## Kwa nini zilibuniwa

Sybase ilileta sokoni prosija, ndugu za fankshoni, mwaka 1987 pamoja na seva yake ya hifadhidata. Oracle ikafuata kwa toleo la 7 mwaka 1992, kiwango cha kimataifa kiitwacho SQL/PSM, sehemu ya lugha ya hifadhidata ya SQL, kikatoka 1996, PostgreSQL ikapata PL/pgSQL mwaka 1998, na MySQL ikazipokea katika toleo la 5.0 mwaka 2005. Sababu ya mwanzo ilikuwa mitandao ya polepole. Programu iliyokaa mbali na hifadhidata ililazimika kwenda na kurudi kwa kila swali dogo.

Afrika Mashariki tunaielewa sababu hiyo bila kufundishwa. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo mawasiliano ya nje yalitegemea satelaiti. Hata leo, ofisi ya Busia inayotumia seva iliyoko Nairobi inaihisi safari hiyo. Programu inayouliza maswali 40 ili kukamilisha tamko moja, kila swali likichukua sehemu 30 za elfu za sekunde, itamaliza kwa sekunde 1.2. Mtandao ukizorota hadi sehemu 300 za elfu, hesabu ileile inachukua sekunde 12, na foleni inarefuka. Fankshoni hupokea ombi moja, ikafanya maswali yote 40 ndani ya seva, ikarudisha jibu moja.

Ila faida hii ina mwisho wake. Mtandao ukikatika kabisa, fankshoni iliyoko Nairobi haina msaada wowote kwa mtu aliyesimama Busia.

## Wanaotaka kanuni ikae ndani

Hoja yao kuu ni kwamba kanuni moja iandikwe mara moja. Ofisi ya wakala wa forodha inaweza kuwa na programu ya dawati, nyingine ya simu, na ripoti ya mwisho wa mwezi. Kila moja ikibeba hesabu yake, siku moja zitatofautiana. Mwaka 2020 ulionyesha jinsi siku hiyo inavyoweza kufika ghafla. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, katika hatua za kukabili athari za korona, Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Kwa mzigo wetu wa mfano VAT ilishuka kutoka 20,000 hadi 17,500, kisha ikapanda tena. Aliyekuwa na fankshoni moja alirekebisha mahali pamoja, mara mbili. Aliyekuwa na kanuni hiyo katika programu tatu alikuwa na nafasi sita za kusahau.

Hoja ya pili ni ulinzi, nami naiona haipewi uzito inaoustahili. Fankshoni inaweza kufanya kazi kwa mamlaka ya mmiliki wake badala ya mamlaka ya anayeiita. Hivyo karani anaruhusiwa kuita jumla_ya_kodi bila kuruhusiwa kugusa jedwali la viwango wala kulisoma. Mahali ambapo kubadilisha tarakimu moja kunaweza kumfaidi mtu mamilioni, mpaka wa namna hiyo ni wa lazima. Hata hivyo kinga hii haiji yenyewe. Oracle na MySQL hutumia mamlaka ya mmiliki usipotaja lolote. PostgreSQL hutumia ya anayeita. Tena PostgreSQL humpa kila mtumiaji wa hifadhidata ruhusa ya kuiita fankshoni mpya mpaka msimamizi aiondoe. Anayedhani amefunga mlango kwa kuandika fankshoni tu huenda ameuacha wazi.

## Wanaokataa

Wapinzani wa fankshoni si wavivu wala wageni wa kazi. Wengi wamerithi mifumo ya zamani yenye fankshoni mamia, zinazoitana zenyewe kwa zenyewe, bila maelezo na bila historia ya mabadiliko. Msimbo wa programu huhifadhiwa katika maktaba inayoonyesha nani alibadilisha mstari gani na lini. Fankshoni inaweza kubadilishwa moja kwa moja ndani ya seva, saa tano usiku, na toleo la zamani likafutika. Dawa ipo: kila fankshoni iandikwe kwanza katika faili lenye historia, ndipo ipelekwe kwenye seva. Lakini dawa hiyo inategemea nidhamu ya watu, nayo nidhamu ndiyo huanza kupungua siku za haraka.

Kuna pia kufungwa kwa muuzaji mmoja wa hifadhidata. Fankshoni zilizoandikwa kwa PL/SQL ya Oracle haziendi PostgreSQL bila kuandikwa upya kwa sehemu kubwa. Kaunti au chama cha ushirika kinachotaka kuacha leseni ya gharama kinaweza kukuta kwamba kinachokizuia si data bali kanuni zilizozikwa ndani yake.

Halafu kuna kasi, ambayo hutajwa kama faida na pia kama hasara. Fankshoni ikitumiwa katika ripoti ya matamko 100,000, inaweza kuitwa mara 100,000, na kila mara ikaingia kwenye jedwali la viwango upya. Mpangaji wa hifadhidata, sehemu inayochagua njia ya haraka ya kujibu ombi, haoni kilichomo ndani ya fankshoni ya PL/pgSQL, kwa hiyo hawezi kuyaunganisha majedwali hayo kwa mkupuo mmoja. PostgreSQL huweza kuzifungua fankshoni fupi zilizoandikwa kwa SQL tupu, na SQL Server ya Microsoft ilianza kufanya jambo linalofanana na hilo katika toleo la 2019. Fankshoni ileile inayookoa sekunde kwa tamko moja inaweza kupoteza saa nzima katika ripoti ya mwaka.

Mtego mbaya kuliko yote ni wa ahadi. PostgreSQL humtaka mwandishi atangaze tabia ya fankshoni yake: haibadiliki kamwe, au ni tulivu katika muda wa ombi moja, au inaweza kubadilika wakati wowote. Asiposema kitu, huchukuliwa kwamba inaweza kubadilika. Mwandishi anayetafuta kasi hutangaza kwamba haibadiliki, ilhali ndani yake inasoma jedwali la viwango. Hifadhidata humwamini. Huweza kukokotoa jibu mapema, ikalitunza na kulitumia tena. Kiwango kinashuka hadi 14, lakini jibu lililotunzwa bado ni la 16. Karani ataona jedwali limerekebishwa na kodi imebaki palepale, na hatakuwa na la kusema isipokuwa lile lile, kwamba sistimu ndiyo iliyohesabu.

## Njia ya tatu: kanuni kama data

Baina ya pande hizo mbili kuna wanaotenganisha hesabu na viwango. Hatua za hesabu, ushuru kwanza kisha VAT juu ya jumla, hubadilika kwa nadra. Tarakimu ndizo zinazohama. Basi tarakimu ziwekwe katika jedwali, kila moja na tarehe ya kuanza na ya kukoma, na fankshoni iulize kiwango kilichokuwa na nguvu siku ya tamko. Tamko la Oktoba 2020 likikaguliwa leo litapewa 14, kama ilivyostahili. Ushuru wa pamoja wa nje wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unafaa sana kwa mpango huu: ulikuwa na ngazi za asilimia 0, 10 na 25, na tangu tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ya 35.

Hata hivyo si kila badiliko ni la tarakimu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani. Tarehe 10 Machi zuio likaondolewa na masharti yakawekwa, mojawapo cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika siku tano kanuni ilitoka kuwa "mahindi yapite", ikawa "yasipite", ikawa "yapite ikiwa kuna cheti chenye kipimo". Hakuna jedwali la viwango ambalo lingeimeza hatua hiyo ya mwisho bila kuongezewa kigezo kipya, na kila programu inayoiita fankshoni ingelazimika kujifunza kukipeleka. Anayeahidi mfumo ambao hautahitaji mwandishi tena anaahidi kisichowezekana.

## Tupu si sifuri

Suala hili dogo la kiufundi ndilo linalobeba haki ya mfanyabiashara kuliko mengine yote. Bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na kutimiza kanuni za asili hazilipi ushuru wa forodha. Kwa wafanyabiashara wadogo upo mpango wa biashara uliorahisishwa: mzigo usiozidi dola 2,000, ulio katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa papo hapo mpakani. Ushuru wake ni sifuri. Msamaha huo ni wa ushuru wa forodha peke yake. Kodi za ndani zinazoihusu bidhaa hubaki. Wengi hawaelezwi hivyo, na wakikuta bado wanadaiwa hudhani wameibiwa.

Sasa, fankshoni inapotafuta kiwango na isikipate, hifadhidata hairudishi sifuri. Mara nyingi hurudisha tupu, alama ya kutokuwepo kwa thamani. Tupu ikijumlishwa na namba yoyote hutoa tupu, kwa hiyo jumla nzima hupotea na skrini hubaki wazi. Mwandishi anayekereka huongeza neno moja la kugeuza kila tupu kuwa sifuri, na skrini inapata jibu safi. Lakini tayari ameamua sera bila mtu kumtuma: bidhaa iliyosahauliwa katika jedwali imepata msamaha uleule wa bidhaa yenye cheti. Akigeuza tupu kuwa 25 ameamua kinyume chake, na mama aliyeleta bidhaa halali atalipia uzembe wa ofisi. Fankshoni ya haki husimama hapo, ikakataa na kutaja jina la bidhaa isiyo na kiwango, ili binadamu mwenye mamlaka aamue. Kukataa huko kutachelewesha gari, na gharama hiyo nadhani ni halali kuibeba.

## Budalang'i na mipaka ya kigezo

Kusini zaidi ya vituo hivyo vya mpakani, katika kaunti hiyohiyo ya Busia, kuna mfano wa kanuni isiyofaa kukaa ndani ya seva ya mbali. Budalang'i ni tambarare ambamo Mto Nzoia unaingia Ziwa Victoria, na wakazi wake wanaishi nyuma ya kingo za udongo ambazo zimewahi kupasuka mara kadhaa. Ni rahisi kuandika fankshoni inayopokea kimo cha maji pale darajani Rwambwa na kurudisha hali: salama, tahadhari, ondokeni.

Mwaka 2020 ulionyesha upungufu wake. Mwezi Mei mwaka huo Ziwa Victoria lilifika kimo kilichozidi hata kile cha 1964, na maji ya ziwa yakarudi nyuma kwenye nyanda hizo. Fankshoni inayojua mto peke yake ingekosa nusu ya hatari, kwa kuwa fankshoni haijui ila kile inachopewa. Zaidi ya hayo, siku za mafuriko ndizo umeme na mtandao huweza kukatika. Kanuni ya kuokoa maisha inapaswa kukaa karibu na kipimo na karibu na masikio ya watu. Seva itunze kumbukumbu, na kujifunza kutokana nayo kufuate baadaye.

## Kuzipima

Kodi na mafuriko vinaachana hapo. Kodi inaweza kungoja dakika kumi mtandao urudi. Haiwezi kuvumilia majibu mawili kwa mzigo mmoja. Kwa hiyo, kwa hesabu ya fedha za umma, naegemea upande wa kanuni kukaa ndani ya hifadhidata, mradi viwango viwe katika majedwali yenye tarehe, hatua za hesabu ziwe fupi kiasi cha kusomwa na mtu asiyeziandika, na kila badiliko lipitie katika faili lenye historia kabla ya kufika kwenye seva. Maandishi ya skrini, uchapishaji wa karatasi na ujumbe wa simu vibaki katika programu. Ripoti kubwa ziandikwe kwa ombi moja linalounganisha majedwali, zisiite fankshoni mstari kwa mstari. Na triga zitumiwe kwa uchache, hasa kuandika kumbukumbu ya nani alibadilisha nini.

Sharti moja zaidi halitajwi mara nyingi katika ubishi wa wataalamu. Fankshoni nyingi za kodi huandikwa zirudishe namba moja, 45,000, kwa kuwa ndiyo inayolipwa. Tumeona kwamba fankshoni inaweza kurudisha jedwali. Basi irudishe hatua zake: thamani iliyotumika, kiwango cha ubadilishaji wa dola, asilimia ya ushuru na tarehe ilipoanza kutumika, msingi wa VAT, VAT yenyewe, na toleo la fankshoni lililofanya hesabu. Mistari hiyo sita au saba ihifadhiwe pamoja na tamko na ichapishwe kwenye risiti kwa Kiswahili. Gharama yake ni nafasi kidogo ya diski na siku chache za mwandishi.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, katika kifungu cha 229, inampa anayeathiriwa na uamuzi wa Kamishna siku 30 za kuomba upitiwe upya. Lazima aeleze sababu za ombi lake. Mwenye risiti inayosema 45,000 peke yake hana sababu ya kuandika, hata kama amedhulumiwa. Mwenye risiti inayoonyesha kwamba alitozwa asilimia 25 kwa bidhaa aliyoiletea cheti cha asili anajua mstari wa kuupinga, na afisa anayempokea anajua jedwali la kulifungua.